Kinachotikisa na Kinachotikiswa: Niliyojifunza kwa Sinthesaiza ya Analogi

Osileta, yaani saketi inayozaa mlio ndani ya sinthesaiza ya analogi, ikiachwa ilie peke yake hutoa mlio mmoja usiobadilika, na haupiti muda mrefu kabla sikio halijauzoea na kuacha kuusikiliza. Mlio huo una nguvu, umejaa, na bado hausemi kitu, kwa sababu hakuna sauti ya kiumbe hai wala ya ala inayopigwa kwa mkono ambayo hutulia mahali pamoja namna hiyo. Mwimbaji hupandisha pumzi na kuishusha, uzi wa nyatiti, kinubi cha Waluo, hulia kwa ukali pale unapodonolewa kisha ukali huo ukapungua, na hata ngoma inayopigwa na mkono uleule haitoi mlio uleule mara mbili. Kazi ninayoifanya katika studio ndogo hapa Buruburu, ya kutengeneza milio kwa ajili ya michezo ya jukwaani, vipindi vya redio na nyimbo za vijana wa mtaani, imenionyesha kwamba sehemu kubwa ya ufundi wa sinthesaiza imo katika vile vyanzo vinavyotikisa osileta na filta, ile saketi inayochuja masafa ya mlio. Vyanzo hivyo vyenyewe havisikiki. Kinachosikika ni athari yake kwenye kitu kingine, na ndiyo maana wanagenzi wengi huchelewa kuvielewa.

Chombo ninachokitegemea zaidi ni Korg MS-20 mini, ambayo kampuni hiyo ya Japani iliitoa mwaka 2013 kama toleo dogo la MS-20 ya mwaka 1978. Upande wake wa kulia una paneli yenye matundu mengi, na kila tundu ni mlango wa volti, ama zinatoka ama zinaingia. Waya za kuunganisha ni zile zenye jeki ya milimita 3.5. Ukizitafuta Luthuli Avenue utazipata kwa wingi, ila nyingi ni za stereo, zilizokusudiwa simu na spika, kwa hiyo fundi mmoja wa ghorofani hunikatia waya kwa urefu ninaoutaka na kunilehemea jeki za mono. Nalitaja jambo hili kwa sababu mtu anayejifunza modulesheni, yaani huku kutikisa kitu kimoja kwa kingine, bila waya za kutosha hujifunza nusu yake tu. Miunganisho iliyofanywa kiwandani ndani ya chombo ni mizuri, lakini ni uamuzi wa mtu mwingine kuhusu nini kitikise nini.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko chombo changu. Mwaka 1964 Robert Moog, akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch huko Marekani, alitengeneza moduli zilizotawaliwa kwa volti, na karibu wakati huohuo Don Buchla alikuwa akifanya kazi ya aina hiyo California. Msingi wake ulikuwa kwamba jambo ambalo mkono unaweza kulifanya kwa kuzungusha kitufe, volti nayo inaweza kulifanya, tena kwa kasi ambayo mkono hauiwezi. Mwaka 1965 mtunzi Vladimir Ussachevsky alimweleza Moog aina ya envelopu aliyoihitaji, yaani volti inayobadilika kwa hatua tangu noti inapobonyezwa hadi inapokwisha, na hatua zake nne, yaani kupanda, kushuka, kukaa na kuachia, ndizo ambazo hadi leo zimeandikwa A, D, S na R kwenye vyombo vingi. Minimoog ya mwaka 1970 haikuwa na LFO ya pekee, yaani osileta ya masafa ya chini ambayo kazi yake ni kutikisa tu. Osileta yake ya tatu ndiyo iliyoteremshwa hadi kwenye masafa ya chini ikafanya kazi ya kutikisa nyingine mbili. Mfano huo nimeupenda siku zote, kwa sababu unaweka wazi kwamba kinachotikisa na kinachotikiswa vinaweza kuwa kitu cha aina moja, na tofauti iwe ni kasi tu na mahali waya ulipochomekwa.

Somo lililonisaidia kuliko yote ni la namna ya kuzisikiliza volti hizo. Mtu anapopeleka LFO au envelopu moja kwa moja kwenye filta, husikia mlio ukiwa mwangavu kisha ukififia, lakini ni vigumu kwake kusema umbo la mabadiliko hayo ni lipi hasa, kwa kuwa sikio la binadamu halipimi mwangaza wa mlio kwa usahihi mkubwa. Kidatu, yaani ujuu au uchini wa sauti, ni habari nyingine. Sikio hutambua hata tofauti ndogo ya kidatu, hulijua umbo la kupanda na kushuka kwake, na huona mara moja kama kitu kimeruka au kimeteleza. Kwa hiyo kila ninapotaka kukijua chanzo, kwanza hukipeleka kwenye kidatu cha osileta, nikafungua kiasi chake mpaka kiwe kikubwa kupita kipimo cha muziki wowote, kisha nikasikiliza. LFO ya umbo la pembetatu hulia ikipanda na kushuka kwa mwendo sawa. Ukizungusha kitufe cha umbo kwenye MS-20 taratibu, unasikia mpando ukirefuka na mshuko ukifupika, hadi unafika mahali ambapo kidatu kinapanda polepole na kuanguka ghafla. Ukichukua wimbi la mraba, vidatu vinakuwa viwili tu, cha juu na cha chini, bila njia kati yao. Envelopu nayo hujifunua vilevile: ile ambayo ulidhani inapanda papo hapo utaisikia kwamba kumbe ina mpando mdogo wa taratibu mwanzoni, na huo ndio unaoinyima ngoma yako makali.

Baada ya kulijua umbo, ninarudisha kiasi hadi sufuri na kuhamishia waya kwenye kipokezi ninachokitaka. Hapo sifanyi kazi ya kubahatisha tena, maana umbo lile limo kichwani, na hata nikilipunguza hadi lisionekane kuwa mtikisiko bado ninajua linafanya nini ndani ya mlio. Mwanagenzi niliye naye sasa, binti aliyetoka chuo cha ufundi akiwa anajua umeme vizuri, aliniuliza mwanzoni kwa nini nampigisha milio mibaya ya king'ora asubuhi nzima. Nilimwomba afumbe macho, nikageuza umbo la LFO kidogo sana, akaniambia mwenyewe, “Mwalimu, sasa inashuka haraka kuliko inavyopanda.” Hakuwa ameangalia paneli. Tangu siku hiyo hakuhitaji kushawishiwa.

Jambo la pili ni kiasi, na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu. Vitufe vya kiasi kwenye sinthesaiza nyingi huanzia sufuri hadi kumi, nao wengi huona kwamba kitufe kisichofika hata mbili hakijafanya kazi. Mimi naamini kwamba sehemu yenye thamani zaidi iko chini ya mbili. Mtetemo wa kidatu unaofanana na ule wa mwimbaji huzunguka takriban mara tano au sita kwa sekunde, na upana wake ni mdogo. Ukipita nusu toni kila upande, msikilizaji anaacha kusikia wimbo na kuanza kusikia mashine. Vivyo hivyo kwenye filta: LFO ya polepole sana, inayochukua sekunde kadhaa kumaliza mzunguko mmoja na kusogeza kidogo tu kikomo cha filta, yaani mahali inapoanzia kukata masafa, huufanya mlio mrefu wa chini ya wimbo upumue bila msikilizaji kujua ni kwa nini hachoki kuusikiliza. Kipimo changu ni kukitoa chanzo kabisa wakati muziki unaendelea. Ikiwa mlio unakufa pale kinapotoka, kiasi kilikuwa sahihi, hata kama kilipokuwapo hakuna aliyekiona.

Niliyaelewa haya vizuri zaidi kutoka kwa mzee mmoja mpigaji wa orutu, ile fidla ya Waluo yenye uzi mmoja inayopigwa kwa upinde, aliyekuja studio kurekodi kwa ajili ya mchezo wa kuigiza. Kikundi kilitaka orutu na sinthesaiza zijibizane, kwa hiyo nilikuwa nimetayarisha mlio wa wimbi lenye umbo la meno ya msumeno, wenye mtetemo wa LFO, nikadhani umeikaribia sauti yake. Mzee alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akaweka upinde magotini.

“Mwanangu,” akasema, “mbona yako inatetemeka kabla sauti haijakaa?”

“Mzee, naomba unionyeshe yako.”

Akavuta noti moja ndefu. Mwanzoni ilikuja kavu, ikiteleza kutoka chini kidogo hadi ikafika mahali pake. Ikakaa hapo bila kutikisika. Ndipo kidole kikaanza kuutikisa uzi, kwanza kidogo, kisha kwa upana zaidi kadiri upinde ulivyokaribia ncha. Katika noti moja kulikuwa na mambo matatu yanayofuatana, na LFO yangu ilikuwa imeyaleta yote kwa pamoja tangu mwanzo, kwa upana uleule hadi mwisho.

Dawa yake imo ndani ya MS-20 na ndiyo inayonifanya nikipende chombo hicho. Kwenye paneli ya matundu kuna amplifaya ndogo ambayo kazi yake ni kupitisha chanzo kimoja kwa kiasi kinachoamuliwa na chanzo kingine, imeandikwa MVCA. Nilipitisha LFO humo, nikaifanya envelopu ya kwanza iwe ndiyo inayoufungua mlango. Envelopu hiyo ya kwanza ina hatua ya kungoja kabla ya kupanda, jambo ambalo envelopu nyingi hazina. Kwa hiyo mtu anapobonyeza noti, kwanza mlango umefungwa na kidatu kimetulia; muda wa kungoja ukiisha, mlango unafunguka taratibu na mtetemo unaingia ukikua; noti ikiachwa, mtetemo unafifia pamoja na mlio. Matokeo ya MVCA nikayachomeka kwenye tundu linaloitwa TOTAL, ambalo huyapeleka kwenye kidatu na kwenye filta kwa viasi viwili tofauti, maana nilikuwa nimeona kwamba kidole cha mzee kilipoutikisa uzi, sauti haikubadilika kidatu peke yake bali na rangi yake pia ilibadilika kidogo. Ule mtelezo wa mwanzo niliupata kwa kitufe cha kutelezesha noti, kikiwa kimefunguliwa kiasi cha kuhisiwa tu. Mzee aliposikia akatikisa kichwa cha kukubali, akaniambia nipunguze tena. Nikapunguza.

Chanzo kinachotawala kiasi cha chanzo kingine ndicho kiini cha yote ninayoyafanya sasa. Mtu akiniuliza achague sinthesaiza gani, sianzi kwa kuuliza ina osileta ngapi. Ninauliza kama inaruhusu envelopu kuongoza LFO, au gurudumu la mkono kuongoza kiasi cha kitu chochote. Chombo chenye osileta moja na uwezo huo kina usemi mpana kuliko chenye osileta nne ambazo hakuna kinachozitikisa.

Tulipoendelea na kazi ya mchezo uleule, nilifanya jaribio ambalo hadi leo sijalichoka. MS-20 ina sehemu iliyotengenezwa kwa ajili ya kupokea sauti kutoka nje: unachomeka maikrofoni, na chombo kinatoa humo volti za aina tatu. Ya kwanza hufuata nguvu ya sauti, ya pili hufuata kidatu chake, na ya tatu ni ishara fupi inayotolewa kila sauti inapovuka kizingiti ulichokiweka. Maana yake ni kwamba mpigaji wa ala yoyote anaweza kuwa chanzo cha modulesheni. Nilianza na nyatiti, kwa kuwa mpigaji wake alikuwapo pia. Nguvu ya sauti yake ilifanya kazi vizuri ajabu: kila alipodonoa kwa nguvu filta ilifunguka, na ile pete ya chuma ya kidole cha mguu, oduong'o, ilipogonga mbao ilileta ishara safi ya kuanzisha envelopu, kwa hiyo mguu wake ukawa unapiga sinthesaiza yangu bila yeye kubadilisha chochote katika upigaji wake. Lakini kidatu kilikataa. Nyatiti ina nyuzi nane, na uzi mmoja huwa bado unalia wakati mwingine unapodonolewa. Saketi inayotafuta kidatu kimoja hukuta viwili au vitatu, ikarukaruka kati yake na kutoa volti zisizo na mpango.

Orutu, yenye uzi mmoja, ilikubali. Ilibidi kwanza nikate masafa ya juu na ya chini kwa vile vitufe viwili vya sehemu hiyo hadi ukwaruzo wa upinde ulipopungua na kidatu cha msingi kikabaki wazi, kisha nikarekebisha kiwango cha sauti hadi taa ndogo ilipoacha kuwaka ovyo. Baada ya hapo osileta ilimfuata mzee noti kwa noti, mitelezo yake yote ikiwamo. Ni vyema kujua kwamba MS-20 haitumii mpangilio wa Moog ambapo kila volti moja hupandisha kidatu oktava moja. Yenyewe huhitaji volti ziongezeke maradufu kwa kila oktava. Kwa kuwa saketi ya kufuata kidatu imo ndani ya chombo hichohicho, zinaelewana, lakini ukizipeleka volti hizo kwenye sinthesaiza ya mpangilio ule mwingine bila kigeuzi, vipindi vya noti vitaharibika kabisa.

Mchezo huo ulikuwa na mvua pia, mvua ya usiku juu ya nyumba za mabati, na mwongozaji hakutaka mvua iliyorekodiwa kwa sababu ilipaswa kuitikia maneno ya mwigizaji. Nilianza na mchakacho mweupe, ule mlio wa masafa yote kwa pamoja, kwenye osileta ya kwanza, nikaupitisha kwenye filta ambayo kilele chake, yaani mkazo wa masafa yaliyo kwenye kikomo, nilikipandisha hadi karibu na mahali ambapo filta huanza kulia yenyewe. Kilichoitikisa ni saketi ya kuchukua na kushikilia, ambayo kila inapopata ishara hutazama volti inayoletewa, ikaikumbuka na kuitoa vilevile bila kubadilika hadi ishara inayofuata. Ukiiletea mchakacho, kila mara hukumbuka thamani nyingine isiyotabirika, na kikomo cha filta kinaruka kutoka mahali hadi mahali. Kwa kilele kile cha juu, kila mruko uliacha mlio mdogo wa kugonga, na milio hiyo ndiyo iliyokuwa matone.

Tatizo lilikuwa mpangilio wa wakati. Vidatu vya matone havikutabirika, lakini LFO iliyokuwa ikitoa ishara ilizitoa kwa nafasi sawasawa, na hakuna mvua inayonyesha kwa mpigo. Nilijaribu kuitikisa kasi ya LFO kwa njia mbalimbali, na mwishowe niliyoikubali ni mkono: tulipokuwa tukifanya onyesho, mwanagenzi alishika kitufe cha kasi na kumtazama mwigizaji. Mwigizaji alipoinua sauti, matone yaliongezeka. Aliponyamaza, yakapungua hadi moja moja. Hakuna saketi ambayo ingejua mwigizaji atanyamaza lini. Mkono ni chanzo cha modulesheni kama vyanzo vingine, na vijana wanaojifunza wangefaidika wangeutumia zaidi badala ya kumwachia LFO kila jambo.

Kuna mtikisiko mwingine ambao hupitwa haraka. LFO ikiongezwa kasi hadi ikapita takriban mizunguko 20 kwa sekunde, mtu huacha kusikia mtetemo mmoja mmoja, na badala yake vinazuka vidatu vipya pembeni mwa kile cha asili. Kengele, vyuma, sauti za redio isiyoshika vizuri, zote hupatikana huko. Mimi huenda huko mara chache, kwa kuwa milio hiyo hukinaisha upesi, lakini kwa gara, zile njuga za mguuni mwa mpiga nyatiti, sijapata njia iliyo bora kuliko hiyo.

Na kuna mtikisiko usioombwa. Julai hapa Nairobi, asubuhi za baridi, osileta za analogi huanza kazi zikiwa na vidatu vinavyohama kadiri saketi inavyopata joto, na stima ikikatika katikati ya kazi na kurudi baada ya saa nzima, safari hiyo huanza upya. Mimi huwasha vyombo kabla ya kuteleka chai, nikatyuni baadaye, na nikatyuni tena kabla ya kurekodi. Wapo wanaoupenda uhamaji huo wakisema ndio uhai wa analogi. Nikubali kwamba osileta mbili zinazotofautiana kidogo hupendeza, lakini napendelea tofauti hiyo niiweke mimi, kwa kiasi nilichokisikiliza, hasa ninapofanya kazi na ala ambayo haiwezi kutyuniwa upya kila baada ya dakika kumi.

MS-20 haina kumbukumbu, kwa hiyo kila mlio unaofaa tunauandika kwenye daftari: waya gani umetoka tundu gani kwenda lipi, kila kitufe kimesimama wapi, na kando yake sentensi moja ya kueleza kila chanzo kinafanya nini na kwa nini kimewekwa. Picha ya simu haitoshi, maana inaonyesha waya bila kuonyesha sababu. Ukurasa wa orutu una masahihisho mengi kuliko kurasa zote, na karibu yote ni ya kitufe kimoja cha kiasi kikirudi nyuma kidogo kidogo. Kikundi kimeomba tuutumie mlio huo tena katika mchezo mpya, safari hii ukifuata sauti ya mghani wa mashairi badala ya upinde, na tumeshaanza kutafuta kizingiti ambacho kitaiacha pumzi yake ipite bila kuanzisha envelopu.